Ulifika Wapi?

Ukiingia katika maktaba ile ya mkoa, kabla hujaifikia meza ya kuazimia, utapita kando ya rafu fupi ya mbao yenye ngazi tatu. Vitabu vyake havikupangwa kwa migongo kama vya rafu nyingine. Vimesimamishwa, majalada yakikutazama. Chini ya kila kimoja kuna kadi ya karatasi ya manila, upana wa kiganja, iliyoandikwa kwa mkono kwa wino mweusi. Juu pameandikwa: "Sisi Tumevipenda Hivi." Ngazi ya chini ni ya watoto, kwa kuwa ndiyo wanayoifikia. Ya kati ni ya vijana, na ya juu ni ya watu wazima, ingawa mipaka hiyo huvunjwa kila wiki na yule yule aliyeiweka.

Aliyeiweka ni mkutubi wa makamo ambaye wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Mama. Aliniomba nisitaje jina lake wala mji wake. Sababu aliyonipa ni kwamba watu wakimjua wataanza kumletea miswada yao aisome. Ukutubi aliusomea Bagamoyo, kwenye chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazini alianzia kwenye kurudisha vitabu rafuni. Wengi huiona kazi hiyo ya kupitishia muda. Yeye huihesabu kuwa shule yake ya pili. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye benchi la wasomaji wa magazeti, gazeti likiwa wazi mbele yangu, nikimtazama akifanya jambo moja tu: kumpa mtu kitabu.

Jambo hilo huanza kabla mlango haujafunguliwa, tena huanza na vitabu vilivyorudi jana. Havirudishi rafuni moja kwa moja. Huvipanga mezani safu moja, kisha huchukua cha kwanza, hukifungua nyuma penye karatasi ya tarehe, na kuisoma mihuri. Mihuri iliyofuatana wiki kwa wiki humwambia kwamba kitabu hakipumziki. Iliyoachana mwaka mzima humwambia jambo lingine, naye hulitia akilini. Kisha hukifumba kitabu na kukitazama ubavuni. Kurasa zilizopitiwa na vidole vingi hubadilika rangi ukingoni, lakini rangi hiyo haienei sawasawa. Kwenye riwaya za Ben Mtobwa huanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kahawia tupu. Kwenye vitabu vingine hukomea robo, na kuanzia hapo karatasi ni safi.

"Hapa ndipo walipochoka," aliniambia, akiweka ukucha pale rangi inapobadilika. Alikifungua kitabu pale pale, akasoma kurasa mbili, akatikisa kichwa. Wahusika watano wapya walikuwa wameingia kwa mkupuo, na mwandishi alikuwa ameiacha hadithi akaanza kuhutubia.

Ndani ya vitabu hukuta alama walizoacha watu: tiketi ya basi, risiti ya umeme, jani la mwarobaini lililokauka. Huangalia kila moja imeachwa ukurasa gani kabla ya kuitoa. Ukurasa ukichanika, hatumii selotepu, maana selotepu hugeuka manjano na kuila karatasi. Hukata utepe wa karatasi nyembamba, huupaka gundi ya maji kwa kidole, huulaza juu ya mchano, hufuta ziada kwa kitambaa, halafu hukilaza kitabu chini ya kamusi nzito mpaka kesho yake. Nilimwuliza kwa nini kazi hiyo asimwachie kijana wa mafunzo kwa vitendo. Alijibu kwamba kitabu unachokiganga unakijua, na usichokijua huwezi kumpa mtu.

Baada ya hapo huzipitia rafu. Hutembea taratibu, mkono wa kushoto ukigusa migongo na wa kulia ukivuta vitabu vifike ukingoni mwa ubao. Fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, imepewa namba moja, 896.392. Humo hukaa wote kwa alfabeti: Muhammed Said Abdulla mwanzoni, Kezilahabi katikati, Mtobwa baada yake, Shaaban Robert mbele kidogo, Ken Walibora mwishoni kabisa. Namba hiyo haijui kuwa mmoja aliandika upelelezi na mwingine falsafa. Tena ina ukali wake. Kitabu kilichotafsiriwa hufuata fasihi kilikozaliwa, kwa hiyo Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, tafsiri iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, huenda kukaa na tamthiliya za Kiingereza, na Shamba la Wanyama huenda kwenye riwaya za Kiingereza. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwenye Nobeli ya mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, nayo hupelekwa huko huko. Anayetafuta riwaya ya Kiswahili atatembea 896 yote mpaka mwisho, wala hatakutana na Peponi.

Mama haulaumu mpangilio. Anasema namba ni ya kujua kitabu kilipo, na nani akisome ni swali jingine linalotaka mtu kulijibu. Ndiyo maana rafu ya ngazi tatu ipo mlangoni. Huko Peponi husimama bega kwa bega na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, na hakuna namba ya kuvitenganisha. Ranganathan, mkutubi wa Uhindi, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba ambazo bado hufundishwa vyuoni. Mbili kati yake ni kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Vyuoni ni kanuni ya mtihani. Hapa niliona ni kazi ya miguu, kutoka mezani kwenda rafuni na kurudi, siku nzima.

Kuna kifaa kimoja sijakitaja, nacho ndicho roho ya kazi yote: kauntabuku yenye jalada gumu, iliyopigwa mistari kwa rula. Kila kitabu kipya kikishasajiliwa na kupigwa muhuri, Mama husoma kurasa 20 za mwanzo na nyingine chache za katikati. Kile atakachokiwekea kadi hukisoma chote, jikoni na kwenye daladala. Kisha hujaza safu zake. Kinaanzaje. Mwendo wake ni wa haraka au wa kutafuna. Watu wake. Mahali. Lugha. Safu ya sita ameiita "Kinachouma", na humo huandika yale ambayo msomaji fulani hapaswi kuyakuta bila kujua: mtoto anafariki, mke anapigwa, binti anabakwa. Ya saba ni "Baada yake", yaani mtu akikipenda hiki apewe kipi.

Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle ambaye mwaka 1998 alianzisha mpango wa mji mzima kusoma kitabu kimoja, hufundisha kwamba kitabu kina milango minne, hadithi, wahusika, mahali na lugha, na kila msomaji ana mlango anaoupendelea. Ukizitazama safu za Mama utaikuta minne yote. Lakini ile ya "Kinachouma" ni yake mwenyewe, nami naiona ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Sasa msomaji anaingia. Siku ninayoikumbuka zaidi, aliyeingia alikuwa kijana wa kidato cha tatu, sare imechomekwa vizuri, begi mgongoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba kitabu kizuri."

Mama hakuinuka. Hakumwuliza anapenda vitabu vya aina gani, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, swali hilo humfanya mtu ajibu kama mwanafunzi. Atataja anachodhani ndicho kinachotakiwa. Alimwuliza, "Kipi cha mwisho ulichokisoma ukakimaliza mwenyewe?"

Kijana akatazama dari. Kimya kikawa kirefu, na mimi kwenye benchi langu nilitamani kumsaidia. Mama alikunja mikono juu ya meza akangoja.

"Takadini," kijana akasema hatimaye. "Lakini hicho ni cha shule."

"Shule haikiharibii kitabu utamu. Ulipomsimulia mwenzio, ulimsimulia wapi?"

"Pale mama anapotoroka naye."

Hapo ndipo Mama alipoinuka. Riwaya ile inamhusu mtoto mwenye ualbino na kijiji kisichomtaka, na mtu mwenye haraka angekimbilia kumtafutia kijana kitabu kingine kuhusu ualbino, au kuhusu mila. Lakini kijana hakusema ualbino, wala hakusema mila. Alisema kutoroka. Alichokipenda ni mtu aliye njiani, hatari nyuma yake, asijue kesho atalala wapi. Mama alikwenda kwenye herufi W akachomoa Siku Njema ya Ken Walibora, ambamo kijana Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Alihamia kwa Adam Shafi akachomoa Mbali na Nyumbani, simulizi ya mwandishi mwenyewe alipotoka Zanzibar akiwa kijana kwenda kutafuta masomo ng'ambo. Cha tatu kilikuwa cha Mtobwa, Tutarudi na Roho Zetu? Alivileta vitatu kwa sababu kimoja ni amri na kumi ni mzigo.

Namna alivyovikabidhi ndiyo iliyonishangaza. Kwa kila kitabu alisema sentensi moja, akavilaza mezani bila kupendekeza kipi kianze, kisha akageuka akaenda kupanga magazeti ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Nilielewa polepole. Msomaji akitazamwa anaposoma ukurasa wa kwanza, humsomea anayemtazama. Kijana akaachwa peke yake. Alifunua cha Mtobwa, akakirudisha. Alifunua Siku Njema, akasoma kwa kusimama, akafunua ukurasa wa pili. Mama, mgongo ukiwa umemwelekea, alikuwa akisikiliza. Karatasi iliyofunuliwa mara ya pili ina sauti yake, naye alikwenda moja kwa moja kuchukua muhuri wa tarehe.

Kuna mzee mmoja mstaafu huja siku za Jumanne. Ujanani alifanya kazi bandarini, na kwa sababu hiyo kila mtu mwenye nia njema amekuwa akimpa Kuli, riwaya ya Adam Shafi inayosimulia mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Wanawe walimnunulia. Mtumishi mwingine wa maktaba alimpa. Mama alipomwamkia na kumwuliza, mzee alifungua moyo: magunia aliyabeba miaka mingi, hataki kuyabeba tena machoni. Anataka kitu cha kumchekesha na kumfanya afikiri. Basi akapewa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960 kilichomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kisha Kisima cha Giningi, kisha vingine kwa mfuatano wake. Lakini kabla ya kumpa, Mama alipima jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Alikiweka kila kitabu kwenye kiganja kujua uzito, maana mzee mikono inamtetemeka, akakifungua katikati kuona ukubwa wa herufi na kama kitakaa wazi chenyewe bila kushikiliwa. Nakala mbili za kitabu kile kile alizilinganisha mwangani, akachagua ile kuukuu yenye wino uliokolea.

Mwingine alikuwa mama aliyefiwa. Alisema anataka kitabu kisicho na msiba. Jaribu wewe mwenyewe kutafuta riwaya ya Kiswahili ambamo hafi mtu, uone jioni itakavyokukuta. Mama alifungua kauntabuku kwenye safu ya "Kinachouma", akashuka na kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe aliinama kwenye ngazi ya chini kabisa, ya watoto, akatoa Hekaya za Abunuwasi. Kifo ninachokikumbuka mimi humo zaidi ni cha sufuria. "Ni visa vifupi, dada," alimwambia. "Unasoma kimoja, unaweka chini. Hakikudai kitu." Yule mama alikipokea kitabu cha watoto kwa mikono miwili, na hakuna aliyecheka.

Watoto wadogo wenyewe wana kazi yao, na nitaipitia kwa kifupi kwa sababu hutendeka kwa kasi. Mkeka unatandikwa, vitabu vya picha vinamwagwa, vingi vikiwa vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza nchini mwaka 1991. Mama huwa amekisoma kila kimoja kwa sauti akiwa peke yake, kuona pumzi inakatikia wapi na kama ukurasa unageuka pale ambapo mtoto anataka kujua kinachofuata. Asiyejua kusoma bado humpa kitabu ambacho picha inasema jambo lisilosemwa na maneno, ili awe na la kumwambia mzazi wake. Anayeanza kusoma humpa kilicho rahisi kuliko uwezo wake. Wazazi hulalamika hapo, wanataka kigumu. Mama husema, "Mwache ashinde kwanza," na kugonga muhuri.

Kumpa mtu kitabu ni pamoja na kujua cha kumcheleweshea. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda, na miaka mingi baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vya kusomwa kwa mtihani. Mama haifichi. Binti wa miaka 15 alipoiomba, alimweleza waziwazi kilichomo, kwa sauti ya chini na bila kumtisha, akamwambia akifika mahali pazito aje waongee. Nagona ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 1990, humpa tabu nyingine. Ni nyembamba, na wanafunzi wenye haraka huichukua kwa wembamba wake, wakairudisha kesho wamefadhaika. Kadi yake inasema: "Chembamba, lakini si cha haraka. Kisome kwa sauti. Usipoelewa, endelea."

Hapo tumefika kwenye kadi.

Kadi hutengenezwa mwisho wa mwezi, na kila mtumishi ana haki ya kuweka ya kwake, hata mlinzi. Majalada ya zamani ya ofisi hukatwa kwa rula na wembe, sentimita kumi kwa saba. Mistari hupigwa kwa penseli na kufutwa baadaye kwa raba. Maneno yasizidi 30. Herufi ziachane, zisiungane, kwa kuwa watoto hawajazoea mwandiko wa kuunga. Kadi hubanwa kwa kibanio cha plastiki. Pini hupata kutu katika hewa ya pwani na kutia doa jalada.

Lakini kazi yenyewe ni kuandika. Niliona Mama akiandika ya Vuta N'kuvute. Rasimu ya kwanza ilijaza nusu ukurasa: ukoloni, siasa za Unguja, ndoa ya Yasmin, harakati za Denge, ustadi wa Adam Shafi. Aliisoma, akakata neno "ustadi". Sifa, anasema, ni za msomaji kutoa, si za kadi. Akakata "ukoloni" kwa sababu linanuka darasa. Akauliza swali aulizalo kila mara: nikikutana na jirani sokoni, nitamwambia nini kwa pumzi moja? Rasimu ya tatu ilikuwa hivi: "Zanzibar kabla ya uhuru. Yasmin kaozwa mume asiyemtaka. Anafungua mlango na kuondoka. Ukipenda siasa utamfuata Denge, ukipenda mapenzi utamfuata yeye. Usikianze usiku ikiwa kesho una kazi." Mimi niliona imekamilika. Yeye aliitazama ile sentensi ya mwisho kwa muda, kisha akaipiga mstari. Ilikuwa ya tangazo la biashara, alisema, tena haimsaidii mtu ambaye kitabu hiki si chake. Badala yake aliandika: "Watu ni wengi, usiwe na haraka nao." Maneno 27. Sasa asiyependa watu wengi atajua, hatapoteza wiki yake.

Kijana wa mafunzo alileta kadi inayosema kitabu chake "kinafundisha maadili mema". Mama alimketisha. Alimwuliza ni ukurasa gani uliomfanya achelewe kula. Kijana aliutaja, akaanza kuusimulia, mikono ikienda huku na huku. "Andika huo," Mama alisema, na kumrudishia kalamu. Mimi ningependa kila anayeandika nyuma ya jalada la kitabu cha Kiswahili apitishwe kwenye kiti kile. Tumezoea kukisifu kitabu kwa mafunzo yake kana kwamba hadithi ni dawa ya minyoo, kisha tunashangaa watoto wanafumba midomo.

Kadi ya mlinzi haikuguswa hata herufi moja. Amechagua Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, na ameandika: "Willy Gamba akiingia mji, mji unajua. Nilikisoma zamu ya usiku. Sikusinzia." Kitabu hicho hakikai rafuni siku mbili.

Kisha kitabu hurudi, na hapa ndipo wengi wetu tungeharibu. Sisi watu wa adabu. Ukimwuliza mtu kama amekipenda kitabu ulichompa, atasema amekipenda sana, asante. Jibu hilo Mama hana kazi nalo. Huuliza, "Ulifika wapi?" Swali halina aibu ndani yake. Mtu anaweza kufika mwisho, anaweza kufika sura ya tatu, na kote ni mahali. Nancy Pearl ana kanuni maarufu kwa wanaoogopa kuacha kitabu: soma kurasa 50, kisichokuvuta kiache; na ukishapita miaka 50, toa umri wako kwenye 100, zilizobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Nilimweleza Mama. Alicheka, akamhesabia yule mzee wa bandarini, akakuta anadaiwa kurasa 24.

Kijana wa kidato cha tatu alisema alifika mwisho, akaongeza bila kuulizwa kwamba alipofika pale Kongowea anapokaribia kumpata baba yake alisoma polepole makusudi. Mama aliandika jambo kwenye safu ya saba. Msichana mmoja alisema alifika ukurasa wa 40. Mama alikwenda kuutazama ukurasa wa 40, palikuwa na kipigo. Akaongeza neno kwenye safu ya sita, akamwomba radhi, akampa kingine. Kauntabuku ile imejaa masahihisho ya namna hiyo, wino juu ya wino. Huduma hii ya maktaba ilianza kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967; tangu hapo mengi yamehesabiwa, vitabu, viti, walioingia na waliotoka. Walipofikia wasomaji kurasani nimeona pameandikwa hapa tu.

Si kila kadi hufanikiwa. Kitabu kikikaa rafu ya ngazi tatu miezi mitatu bila kuchukuliwa, huilaumu kwanza kadi, si kitabu. Hivyo ndivyo anavyopambana na Kusadikika. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, na Mama anaipenda kuliko zote alizonazo, lakini kila mtu mzima anayeigusa husema, "Hiki nilishakisoma shuleni," na kukirudisha. Kadi ya kwanza ilimtaja mwandishi, haikufaa. Ya pili ilisema nchi nzima inaelea angani. Watoto waliichukua, wakairudisha. Ya tatu ilianza na "Ulikisoma shuleni? Kisome tena," na watu walijisikia kuonywa.

Siku ya mwisho niliyokaa kwenye benchi lile alikuwa kwenye ya nne. Alikuwa ameandika: "Mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuleta mema nyumbani, na walivyopokelewa." Alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu. Akakata "kuleta mema nyumbani", akasoma, akayarudisha. Akaniuliza kama "walivyopokelewa" inafichua mno. Nilisema haifichui. Hakuridhika na jibu langu. Alimwita mlinzi, akamsomea.

"Walipokelewaje?" mlinzi akauliza.

Mama akachukua rula na kipande kisafi cha manila.